Kiko cha Mama Mkwe

Kamwene, mjukuu wangu Neema. Huku Ipogolo hatujambo, ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza nilianzaje kuvuta tumbaku. Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Babu yako alinipiga. Mama yake, mjane wa siku nyingi, akaja jikoni, akawasha kiko chake, akanipa.

"Vuta, mwanangu, utatulia."

"Wewe ulianza lini, mama?"

"Siku kama hii."

Nikastaajabu: mkono wake ulitetemeka kama wangu.

Babu yako alishakufa, lakini mlango ukibamizwa, mkono wangu hutafuta kiko kabla sijajua nimeshtuka. Mpaka leo nastaajabu.

Mama yako aliporudi kwangu jicho limevimba, sikumwashia kiko. Nilimtandikia kitanda changu, nikaufunga mlango polepole.

Bibi yako