Mfarishi wa Mwanapunda

9 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo vipi, na macho je? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni ya hapa hotelini. Afadhali wamenitoa kwenye mashine za kufulia. Sasa niko chumba cha kushonea, chini kabisa, dirisha moja linalotazama miguu ya wapita njia. Tunaziba matundu ya mashuka. Cheka tu, najua unacheka. Binti wa fundi aliikimbia sindano, sindano ikamfuata.

Mwenzangu wa meza moja, mama mtu mzima tunayemwita Shangazi, ananifundisha kushona mfarishi: juu viraka, katikati pamba, chini bitana, halafu unapitisha uzi kote mpaka vishikane. Ukipanga viraka vizuri unapata picha. Nataka nimshonee Chiriku wangu. Nilimwacha ana miezi kumi, Mama, sasa anakaribia miaka mitatu, na hana hata kitu kimoja kilichotoka mkononi mwangu. Kwenye simu ananikimbia, mwenyewe umesema anadhani nimefungiwa mle ndani. Basi awe na cha kujifunika, ajue kuna mama yake aliyekishona. Mkataba unaisha Desemba, lakini nataka kitu kinitangulie. Niambie siku hizi anapenda nini.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mara mia. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha kuwa upo. Macho bado yanatunga uzi bila miwani. Anayesema nimezeeka aje tushindane.

Nilicheka mpaka mteja akanishangaa, nimesimama na futi shingoni natoa machozi. Wewe, sindano! Haya, Mungu mkubwa.

Chiriku hajambo, domo halimtulii hata akila. Unauliza anapenda nini? Punda wa muuza maji kazaa. Basi nyumba hii hatuongei lingine. Mwanapunda mwenyewe ana manyoya kama zulia lililotafunwa na panya, rangi ya vumbi, tumbo jeupe, masikio makubwa kuliko kichwa, na akisimama miguu inagombana. Juzi Chiriku kamtolea ndala zake, eti miguu minne na hana hata kiatu kimoja. Muuza maji alicheka mpaka akamwaga dumu zima mlangoni kwangu.

Ukikata kitambaa fuata nyuzi zake, usifuate haraka zako. Na mshono uwe mdogo na ulionyooka. Mshono ni sura ya mtu.

Mama yako

20 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimemaliza! Miezi miwili na ushee, nusu saa kila siku, saa ya mapumziko, mkono mmoja unashona na mwingine unakula.

Mwili wa mwanapunda ni blanketi la kijivu lililoungua kwa pasi, nililiomba kwa msimamizi. Tumbo ni shuka. Masikio nimeyatoa kwenye koti kuukuu la bawabu. Majani anayokanyaga ni pazia la kijani. Macho ni vifungo vya blauzi yangu, ile niliyosafiri nayo, sasa naifunga kwa pini. Mguu mmoja wa nyuma umezidi urefu. Shangazi aliniambia nifumue, nikamwambia mwache, ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

Mishono yenyewe utaiona, inapanda na kushuka kama njia ya mlevi. Usinicheke. Ile iliyobanana ni ya siku nilizokuwa na nguvu. Ile mirefu ni ya siku nilizomkumbuka mno nikawa nakimbiza mkono. Siku alipotimiza miaka mitatu nilishona mstari wa shingoni, wote nikilia, Shangazi akanifungia mlango nisionekane.

Mfarishi nimeutia posta juzi. Ukifika mwambie: mama yako ndiye kashona. Mwambie hivyohivyo.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Huku sote wazima. Mzigo umefika, na kamba yake, na stempu zake, hakuna kilichopungua. Chiriku aliufungua kwa meno. Nimemwambia kama ulivyoagiza.

Picha umeipata, sikunyimi sifa yako. Yale masikio ni yenyewe kabisa. Lakini mwanangu, mshono ule! Binti yangu mimi! Wateja wanaingia hapa kutwa, wakiuliza nani kashona niseme nini? Usijali, nimekunyooshea. Nimefumua wote, toka masikioni mpaka kwenye kwato, nikaupitisha cherehani, kazi ya siku mbili. Na ule mguu nimeupunguza. Sasa mwanapunda kasimama kama askari. Ungeuona usingeujua.

Mama yako

18 Julai

Mama,

Shikamoo. Natumai mko salama.

Wote, Mama? Hata wa shingoni?

Nilikueleza mistari ile ni nini. Sikumshonea mteja. Nilitaka vidole vyake vipite palipopita vyangu, basi, sikutaka zaidi ya hapo. Sasa anajifunika mshono wako, analala ubavuni kwako, anakula mkononi kwako, na mimi hapo sina changu. Unasema nisingeujua. Ni kweli. Ningeujuaje?

Ofisini wamenipa karatasi ya kuongeza miaka miwili. Nilikuwa nimeificha chini ya godoro nisiione. Leo nimeitoa.

Mwanao

25 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Mkubwa akikosea hajui uso auweke wapi, na mimi wangu sijui nauweka wapi. Chiriku mzima.

Hiyo karatasi umeijaza? Nijibu hilo tu.

Mama yako

11 Oktoba

Mwanangu,

Hujajibu. Leo salamu sianzi nazo, maana nikizianza nitajificha humohumo.

Nilisema nimefumua kwa ajili ya wateja. Uongo. Mteja gani anaingia chumbani kwangu? Kweli ni hii. Tangu aanze kusema, Chiriku ananiita Mama. Sikukuambia. Mara ya kwanza nilitaka kumrekebisha, nikasema kesho. Kesho hiyo ikawa mwaka, ikawa miwili. Ulipoondoka nyumba ilikuwa kimya, nasikia mkasi wangu tu. Mtu akaniita Mama, nikaitika. Utamu wa neno hilo sina haja ya kukueleza.

Mfarishi ulipofika nikamwambia, mama yako ndiye kashona. Akanitazama. "Wewe?" Nikasema hapana, mama yako aliye mbali. Akaukumbatia mfarishi, akaenda nao chumbani. Mchana ule alilala juu yake, kidole kinafuata mishono yako, kinapanda, kinashuka, huku anajisemea peke yake, mama, mama. Siku ya tatu aliamka akaniita Bibi. Nilikuwa nakata suruali ya mtu. Nikaikata paja.

Niliona wivu. Ndiyo, nimeandika. Mtu mzima mimi, namwonea wivu mtoto niliyemzaa. Alipotoka kwenda kumtazama punda wake nikashika kiwembe, nikafumua. Nilijiambia nanyoosha.

Nilipomrudishia alipapasa shingo, akapapasa mguu, akausukuma. "Huyu si wa mama." Hajaulalia tena mpaka leo. Bibi ananiita, sawa, ndilo jina langu. Lakini Mama sasa hamwiti mtu yeyote. Nilitaka abaki wangu, nikampokonya hata wewe.

Nimejaribu kuurudisha. Nimefumua mshono wangu, nikakaa na sindano nifuate matundu yako yaliyobaki kwenye kitambaa. Mkono umekataa. Miaka arobaini na mitano ya kunyoosha, haujui tena kupinda. Nilikaa pale mpaka mteja akaja na kuondoka, sikumsikia.

Nisamehe, mama. Nakuita mama kama nilivyokuwa nikikubembeleza ulipokuwa huna hata jino. Kama karatasi hujaipeleka, usiipeleke. Na kama umeipeleka, niambie, nijue namna ya kumwambia.

Bibi yake Chiriku

2 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo vipi?

Barua yako nimeisoma chumba cha kushonea, mara tatu. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili nikalia. Ya tatu Shangazi aliniuliza kuna nini, nikamsomea, naye akanyanyuka akaenda kuwaandikia wanawe, wote wanne.

Sitasema sikuumia. Miaka miwili nimekuwa nikimwota ananiita, na kumbe neno alikuwa nalo mdomoni siku zote, anakuitia wewe. Ungeniambia, Mama. Ningeumia, lakini ningejua. Halafu nikajiuliza, ungefanyaje? Mtoto anaita, hamna mwingine wa kuitika. Nani aliondoka, wewe au mimi?

Karatasi niliijaza. Agosti hiyohiyo, kwa hasira, nikaipeleka mwenyewe. Baada ya barua yako nimekwenda kuiomba. Msimamizi akaniuliza kama nina akili timamu, watu wanapanga foleni kutafuta nafasi kama yangu. Nikamwambia akili sina, nina mtoto. Alinizungusha siku tisa. Jana ameichana mbele yangu.

Nafika tarehe kumi na mbili Desemba, asubuhi.

Nakuomba jambo moja. Usimwandae. Usimfundishe kusema Mama, usimvalishe gauni jipya, usimwambie akimbie kunipokea. Akikuita wewe, itika, usinitazame mimi kwanza. Na akiniona akajificha nyuma yako akashika sketi yako, usimsukume mbele, nakusihi. Mwache. Niachie nafasi ya kukaa sakafuni karibu na mlango, nami nitakaa hapo kimya mpaka aje mwenyewe. Hata ikichukua wiki, hata mwezi. Yeye amenisubiri karibu miaka mitatu bila kujua anamsubiri nani.

Mwanao,
mama yake Chiriku