Nafasi Uliyoniachia Kwenye Wimbo wa Tisa

Shangazi yangu Otilia,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini mkono wangu haujui kuanza kukuandikia bila shikamoo. Wewe mwenyewe ulisema asiyesalimia hana habari ya maana.

Habari yenyewe ni kwamba nimeolewa. Na Marwa yule yule, mwalimu wa kutoka Mara, uliyemwambia siku ya kwanza alipokuja kwako Matogoro, "Baba, huku hatuna ng'ombe wa kukutosha, tutakupa mahindi na nyimbo." Tunaishi Ruhuwiko, vyumba viwili. Kila asubuhi ananichemshia maji ya kuoga kabla hajaenda shuleni, na mimi namtazama akipuliza mkaa, moyo unanijaa mpaka naona haya. Gitaa lako tumelitundika sebuleni. Analifuta vumbi yeye, hataki niliguse na mikono ya kupikia.

Lakini nimechoka, Shangazi. Hata furaha yangu imechoka, kwa sababu wa kumpelekea hayupo.

Tangu tukuzike nimeibeba albamu yako kama mtu aliyejitwika mtungi uliojaa, anaogopa hata kupiga chafya. Miaka yote uliimba bila kampuni wala meneja. Ulitunga mwenyewe, ukabeba kanda kwenye kikapu mpaka magulioni Namasakata, baadaye CD, baadaye ukawa unawarushia watu nyimbo kwenye simu zao. Wale watayarishaji wa muziki wa Dar walipotaka uache gitaa uimbe juu ya mdundo wa kompyuta, uliwajibu, "Mkininyang'anya gitaa mmening'oa meno. Nitawaimbia kwa ufizi?" Kwa hiyo ulipoondoka hapakuwa na ofisi ya kumalizia kazi yako. Nilikuwepo mimi, mwitikiaji wako.

Nyimbo nane zilikuwa tayari. Wa tisa ni ule ulionitungia mimi, wa kunitoa nyumbani siku ya harusi. Studio uliimba sehemu yako tu, na kila baada ya mstari ukanyamaza, kama tunavyoimba sisi, mmoja anaanzisha, wengine wanaitika. Ulisema waitikiaji tutakuja ukipata nafuu. Na nafasi ya mwisho, ulinionya, ni ya bibi harusi peke yake. Hapo ndipo anapoaga.

Nilipokwenda kuuchukua, fundi wa studio, mtu mpole, mgeni wa huku, alikuwa ameshazikata nafasi zote. Alidhani ni ugonjwa, kwamba unasahau maneno, akaona akusitiri. Faili la mwanzo alikuwa amelifuta. Nikasikia sauti yako ikikimbia, mstari juu ya mstari, haipumui, kama mtu anayefukuzwa. Nilipomweleza alishika kichwa. Nilitaka kumgombeza, nikakosa nguvu. Nilitembea mpaka nyumbani viatu mkononi.

Watu waliniambia niuimbe mimi mwanzo hadi mwisho, yaishe. Nilikataa. Ningekuwa nimekuzika mara mbili.

Ni Marwa aliyeniuliza, "Si alikuwa anaimba kwanza kwenye simu yako?" Kweli. Hukuwahi kwenda studio na wimbo ambao hujauimbia simu yangu jikoni, ukausikiliza tena huku unachambua mboga, uone kama unakaa mdomoni. Ile simu iliyopasuka kioo, isiyowaka tena. Mume wangu huyo alizunguka nayo kwa mafundi siku nne, kila akitoka kufundisha, chaki bado iko kwenye vidole. Ulikuwemo. Sauti, gitaa, kuku wa jirani, na nafasi zako zote.

Basi siku ya kunitoa nyumbani tuliweka spika mlangoni kwako, tukaupiga. Fundi alikuja mwenyewe na maikrofoni zake, hata hakusubiri kubembelezwa. Ulipoanzisha, kina mama waliogopa, mstari wa kwanza ukapita bila jibu. Mama mdogo Asteria akasema, "Jamani, mnamwacha wifi aimbe peke yake?" Wakaitika. Wakaitika mpaka bati likatetemeka. Marwa hakujua pa kunyamazia, akaitika juu ya sauti yako mara mbili, na mama mdogo akamwambia, "Mkwe, ngoja zamu yako, mkubwa anaongea." Hayo yote yamo kwenye albamu.

Ikafika nafasi yangu. Maneno nilikuwa nayo, nimeyasema hata nikifua. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu, Shangazi. Nilishika mkono wa Marwa nikasimama tu, na uwanja mzima ukanyamaza pamoja nami, mpaka ukaingia wewe na mstari wa mwisho, kana kwamba umenisikia.

Siku chache baadaye fundi alinipigia. Akasema kazi imekaa vizuri, ila karibu na mwisho kuna kimya, na safari hii hathubutu kukigusa kabla ya kuniuliza.

Nikamwambia, "Kiache. Hapo nipo mimi."

Albamu imetoka wiki hii. Naisikia sokoni kwenye simu za watu, nasimama na kikapu changu kama mgonjwa. Kukuaga bado sijaweza. Lakini nakuahidi, siku sauti yangu itakapokubali, nitaupiga wimbo ule jikoni kwangu, na ukifika pale nitaitika. Mpaka siku hiyo nisubiri kidogo, kama ulivyonisubiri ndani ya wimbo.

Pumzika, Shangazi. Umeanzisha vya kutosha.

Mwitikiaji wako,
Winfrida