Presha ya Mzee

Jumatatu, 3 Juni

Mzee kanitia aibu tena mlimani. Nyuma nimepakia sare za shule, gia ya kwanza, mguu nimekanyaga hadi chini — anakohoa, anatetemeka, anasimama. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani akanipita. Akageuka kuniuliza kama nahitaji msaada. Na maji hayakumwagika hata tone!

Baba ndiye aliyempa pikapu hii jina hilo, zamani, watu walipoanza kumwita mzee kabla hajataka. Akawaonyesha gari: "Mzee ni huyo. Mimi bado." Jina likabaki. Siku hizi wazee wako wawili nyumbani, na wote wawili hawaambiliki.

Jumamosi ya wiki ijayo nimpeleke Baba juu kwa Shangazi. Shangazi, dada yake mkubwa, ndiye pekee aliyebaki naye katika watoto wa babu. Haamki tena kitandani. Ametuma neno fupi: mdogo wangu aje nimwone. Baba kasema atakwenda, ila kwa gari lake. Teksi hataki, basi hataki. Mzee asipopanda, na yeye hapandi. Kayasema hayo akimenya chungwa, ganda halikatiki, hana haraka ya kitu.

Nikapita gereji kwa Dokta — ndivyo wanavyomwita fundi wa nyuma ya soko, na yeye hakatai. Akasema niache gari. Nikasema hapana, niazime vifaa, mimi mwenyewe ni fundi. Wewe ni fundi cherehani, dada yangu, akanikumbusha kwa upole. Fundi ni fundi! nikamjibu, mbele ya wateja wake wote.

Huu mdomo utakuja kuniponza.

Jumanne, 4 Juni

Nimepewa geji. Saa ndogo yenye mshale na mpira wake. Unaifunga kwenye bomba la petroli karibu na injini, unawasha, unasoma. Pampu iko ndani ya tangi, inasukuma petroli mbele. Mshale unakwambia inasukuma kwa nguvu gani. Dokta kasema unatakiwa kugusa arobaini. Mimi nimepata ishirini na kitu, tena unatetemeka kama mguu wangu siku ya mtihani wa leseni.

Presha iko chini. Basi! Ugonjwa umejulikana. Nilijisikia msomi, nikaenda kunywa chai.

Mume wangu akauliza: sasa kwa nini iko chini? Kuna watu hawajui kumwachia mwenzao furaha yake.

Alhamisi, 6 Juni

Nimebadilisha chujio la petroli. Peke yangu, chini ya gari, juu ya turubai. Petroli imeingia kwenye mkono wa gauni ikateremka mpaka kwapani. Nikawasha. Presha imeshuka zaidi!

Baba, kutoka kwenye kiti chake kibarazani: "Hicho kichujio kina mshale."

Kweli kina mshale. Nilikifunga mbele nyuma. Mimi, ninayewafokea mafundi wangu kwa kushona mfuko upande wa ndani. Nikarudi chini, nikageuza. Ishirini na kitu, palepale. Chujio halina kosa.

Halafu nikafanya kubwa kuliko zote. Nimechoka, nanuka, nikaandika kwenye kundi la familia, ili wajue mambo ya Jumamosi yakoje. Naunakili hapa ujumbe wote, nikome:

"Mzee presha iko chini sana. Hana nguvu, mlima hapandi. Chujio nimembadilishia, wapi! Dokta anasema huenda pampu imechoka. Jumapili tutamfungua."

Nikaweka simu kwenye chaji, nikaenda kuoga.

Nimetoka bafuni simu inacheza juu ya meza kama kuku aliyechinjwa. Kaka yangu analia — mtu mzima, ana kipara! — anataka kujua hospitali gani. Wifi anauliza chujio ndiyo figo? Na figo katoa nani? Mjomba kaandika kuwa moyo haufunguliwi hovyo, watafute maoni ya daktari wa pili. Mwingine tayari kashaanza: "alikuwa mtu wa watu". ALIKUWA!

Nikampelekea Baba simu ajionee. Akavaa miwani, akasoma yote polepole, ya mwisho akairudia. Akasema huyo aliyeandika mtu wa watu hajawahi kuja kumwamkia.

Nimepiga simu moja moja kueleza kwamba ni gari. Kaka kacheka, kisha kanikasirikia, kisha kacheka tena. Nilidhani nimemaliza.

Ijumaa, 7 Juni

Sikumaliza. Habari ilikuwa imeshapanda mlima, na masahihisho yangu hayakupanda nayo.

Asubuhi ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu. Shangazi. Sauti yenyewe nyembamba, anapumzika kati ya maneno. Anasema amesikia mdogo wake hawezi kupanda. Basi yeye atashushwa. Wamtafutie godoro, wamlaze nyuma ya gari lolote, wamlete. "Yeye ndiye wa mwisho kunyonya, hawezi kutangulia. Mwambieni anisubiri."

Binti yake, binamu yangu, akapiga baadaye: nimemweleza ni gari, hasadiki. Anadhani tunamficha. Na kumshusha kwa ile barabara ni kumuua, tena sitii chumvi. Fanyeni mfanyavyo, Baba yenu aonekane huku Jumamosi ya wiki ijayo.

Kwa hiyo hali ndiyo hii. Nimemtia mgonjwa kwenye safari ya kifo kwa sababu ya neno moja na uvivu wa kuandika "gari".

Baba ameisikiliza ile sauti. Akaomba tena. Akaomba tena. Kisha akarudi kibarazani.

Jumapili, 9 Juni

Leo Mzee amefunguliwa! (Gari. Hata humu ndani naona bora nifafanue.)

Dokta alinielekeza kwa simu. Kuna mpira unaorudisha tangini petroli iliyozidi. Ubane kidogo. Mshale ukiruka juu, petroli inarudi nyingi mno, tatizo liko mbele. Usiporuka, tatizo liko nyuma: pampu, au njia ya kuifikia. Nikabana. Mshale ukajisogeza kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake asiyempenda. Basi ni nyuma.

Nikasema nisikilize pampu. Gari linaunguruma, nikaenda kufungua kifuniko cha tangi nitege sikio.

FYUUUU!

Nimeruka hadi kwenye maua. Tangi limevuta pumzi ndefu kama aliyetoka kuzama. Mume wangu, aliyekuwa amesimamishwa kwenye geji, akapiga kelele: umefanya nini? Unapanda! Unapanda! Thelathini — thelathini na tano — arobaini!

Nikafunga. Tukangoja. Mshale ukaanza kuteremka. Nikafungua: fyuu. Ukapanda. Funga, fungua. Majirani wameketi ukutani wanatuangalia. Mimi bado sijaelewa! Nasema labda pampu inapenda mwanga.

Mpaka nilipokigeuza kifuniko. Ndani yake kuna duara la plastiki, limekaa sawasawa, maua ya bluu.

Kitambaa changu cha meza.

Mwalimu mkuu alilalamika sare zinanuka petroli. Nikaona kifuniko kinapitisha harufu kwenye kitundu. Nikachukua mkasi, nikakata duara kwa jicho bila hata kipimo, nikaliingiza ndani. Nilijisifu siku mbili jinsi lilivyo mviringo! Kumbe kitundu kile ndicho pua ya tangi. Petroli ikitoka, hewa iingie mahali pake. Nimeziba, pampu inavuta, hewa haiingii, pampu inachoka, presha inashuka. Nimemkaba Mzee koo kwa mkono wangu, nikazunguka gereji nikiuliza kwa nini hapumui.

Arobaini! Za mwizi arobaini, na mwizi ni mimi.

Baba akasema kutoka kwenye kiti: "Nilidhani utaanza na kifuniko."

"Baba! Ulikuwa unajua?"

"Hukuniuliza."

Jumatatu, 10 Juni

Kapanda! Mlima wote, gia ya pili, bila kukohoa. Nimempita yule mama wa ndoo, nikapiga honi ndefu isiyo na adabu. Kaniangalia kama hanijui.

Nimerudisha spana za Dokta. Geji nimeng'ang'ania mpaka Jumamosi ipite, tumezoeana. Nikamsimulia yote. Akafikiri. Akasema kwa hiyo ugonjwa uliuleta mwenyewe, ukautafuta mwenyewe, ukautibu mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, kwangu mteja hazungushwi.

Binamu kamwambia Shangazi kuwa Baba anakuja kwa miguu yake. Shangazi kakubali, eti kwa sharti: afike Jumamosi. Jua likizama Baba hajafika, Jumapili yeye anashuka.

Jumatano, 12 Juni

Nimempima Baba koti la Jumamosi. Amepungua, mabega yanaogelea. Alisimama mbele ya kioo, mimi nimepiga magoti na pini mdomoni.

Akasema si lazima iwe Jumamosi hii.

Nikasema Baba, gari limepona.

Akajitazama kiooni. Halafu akaanza, kwa sauti ya mtu anayeelezea bei ya sukari: kaka yake mkubwa alikuwa hoi wiki nyingi, anakufa hafi. "Nikaenda. Nikamshika mkono, nikamwambia nimefika. Kulipokucha hayupo." Wa kati vilevile. Na mama yao, kabla yao. "Wanakuwa wananingoja. Mimi nikifika, wanaondoka."

Nikatoa pini mdomoni nikasema basi Baba, tukikualika arusi tutakuomba usubiri nje.

Nilicheka peke yangu. Mume wangu alikuwa mlangoni, hakucheka. Baba akanipapasa kichwa, kama nilipokuwa mtoto, akauliza:

"Presha ikoje?"

"Arobaini, Baba! Imetulia!"

"Arobaini," akasema, kama mtu aliyesomewa matokeo na jina lake halimo.

Ijumaa, 14 Juni

Koti tayari. Mzee kaoshwa, tangi limejaa. Binamu anasema Shangazi ameomba asukwe nywele, na kachagua mwenyewe msuko. Jioni Baba alikuwa ndani ya gari, mlango wazi, anafuta dashibodi kwa kitambaa. Muda mrefu. Nilimwona dirishani, nikafurahi: hatimaye kakubali.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nimekaa kwenye usukani. Daftari juu ya goti. Nikiinua macho nitalia, bora nitazame mistari.

Baba yuko pembeni yangu. Koti, kofia, viatu vinang'aa. Alitangulia kukaa kabla sijamaliza chai.

Nimewasha. Stata inazungusha, inazungusha, injini haishiki. Nimefungua kifuniko cha tangi — kitundu kiko wazi. Nimefunga geji: sifuri. Si ishirini. Sifuri. Nikageuza ufunguo nusu, nikatega sikio. Sauti ya pampu naijua sasa kuliko sauti ya wifi yangu. Kimya.

Pampu haipati umeme. Nikainama chini ya usukani, nikafungua kiboksi cha fyuzi. Zote zimepangana, na katikati pengo moja kama jino lililong'olewa. Vumbi limefutwa.

Mume wangu hajui tofauti ya fyuzi na biskuti. Mimi sikugusa.

Mkono wa kulia wa Baba uko juu ya goti, umefumba. Sasa nakumbuka chai kanywa kwa mkono wa kushoto, nami nikamtania kuwa amesahau adabu. Mimi na akili zangu! Wiki mbili nasikiliza tangi, na mtu aliyesimama mbele yangu kwenye kioo sikumsikia.

"Presha ikoje?" kauliza, anatazama mbele.

"Sifuri, Baba."

"Basi."

Fyuzi ya honi ni rangi ileile, ukubwa uleule. Naweza kuichomoa, kuipachika pale kwenye pengo, na tukapanda mlima mzima bila honi. Ninajua. Yeye ndiye aliyenifundisha rangi zake, na anajua kwamba ninajua. Wala hajafunga mlango wake. Sijainama bado. Sina kichekesho chochote cha kuweka hapa. Namwonea huruma, na kesho wakimlaza Shangazi kwenye godoro nitajionea huruma mimi.

Simu. Binamu. Nimeipokea, nikaweka sauti ya nje. Lakini si binamu.

"Mdogo wangu yupo hapo?"

Baba anaitazama simu. Ngumi imekaza zaidi.

"Wanasema ni gari," Shangazi anasema. Anapumzika. "Mimi nakusikia unapumua."

Baba amefunika mdomo kwa ule mkono, bado umefumba. Simu iko kati yetu, haijakatwa.