Muhogo Juu ya Bomba

Miritini, 6 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Sisi tu wazima, na Baya wangu ameanza kusimama. Asubuhi nafundisha chekechea pale kanisani naye mgongoni. Watoto wakiimba herufi, anafungua jicho moja. Jioni nalima ule ukanda uliopitiwa chini na bomba la mafuta. Wenye bomba hutuachia tulime, na mboga zangu ndizo wanazokula watoto wa darasa saa sita. Vile vijiti vya muhogo ulivyonipa nimevipanda huko. Vimeshika vyote.

Mwanao,
Mercyline

Kaloleni, 20 Mei

Mwanangu Mercyline,

Goti liko, siku hizi linajua mvua kuliko redio. Umenifurahisha. Mbegu hiyo ni ya mamangu, ilitulisha mwaka wa njaa, na sijampa mtu mwingine. Usiuguse muhogo huo mpaka ukomae. Msalimie mume wangu Baya, asioe mwingine kabla sijafika.

Mamako

Miritini, 2 Julai

Mama,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa. Elkana, mzee anayekagua bomba, alisimama shambani akaniambia, "Mwalimu, nani kakudanganya? Hapa ni mchicha na kunde. Muhogo unachimbwa, na huko chini ni mafuta. Wakubwa wakiukuta, mtafukuzwa nyote." Mimi sikuwa nimeuliza; kwetu muhogo hupandwa popote. Nikawafikiria majirani wanaolima nami, nikafikiria sahani za watoto. Nimeung'oa wote, mama, ungali mchanga. Nisamehe. Baya anatembea.

Mwanao

Miritini, 11 Agosti

Mama, shikamoo.

Kaka Nzai anasema barua uliipokea, ukaikunja, ukaenda kuchota maji. Shamba tunalo bado. Watoto wanakula. Ila salamu zako sizioni.

Mwanao

Kaloleni, 1 Septemba

Mwanangu,

Hatujambo. Nilinuna, kweli. Nilimwambia Nzai, "Ameitwa mwalimu, sasa muhogo wa bibi yake anautupa." Akaniuliza, "Wewe ungechimba juu ya petroli?" Naye nikamnunia. Shamba linalolisha watoto wa watu haliachwi kwa ajili ya kijiti. Mamangu mwenyewe angeung'oa. Jumatatu ya tarehe tisa nakuja. Usinichinjie kuku. Niwekee kiti nyuma ya darasa nikusikie ukifundisha, na saa sita ikifika, nitawapakulia mimi.

Mamako