Mwali wa Kwenye Blogu

Nyamisati,
Ijumaa

Mwanangu Abdulswamadu,

Shangazi yako nipo, mguu tu unavimba. Upepo umeezua paa la jikoni. Kuku wako nilimchinja Idi, usimuulizie tena.

Nasikia ile blogu yako, unamojitathmini kila baada ya kipindi cha darasani, imekufanya mwalimu mkubwa huko Dar es Salaam. Hongera.

Ulipokuwa ukifundisha hapa, uliandika habari za mwanafunzi wako aliyewekwa ndani, mwali. Jina hukulitaja, ila ulisema kungwi wake ni shangazi yako. Abdu, mimi nilikuwa na mwali mmoja tu! Na nilikwisha kubaliana na baba yake atolewe likizo ikiisha, akafanye mtihani wa kidato cha nne. Watu wakamsomea baba mtu maneno yako sokoni. Alinijia juu: "Mwali wangu anasomwa na wanaume wa mjini?" Wiki ile ile akamwoza kwa mtu mwenye wake wawili.

Juzi nimesomewa uliyoandika tena, kwamba kwa sababu ya blogu yako binti yule alirudi darasani. Watu wamekusifu sana. Nani alikwambia karudi? Hata mimi hukuniuliza.

Kuandika sijui, unafahamu. Nimemwita yeye mwenyewe, mwali wangu Sikujua, aniandikie, na ameandika yote haya bila kuinua uso. Mwandiko wake uliutilia vema miaka minne. Utautambua.

Shangazi yako,
Sihaba