Maneno Yalikuwa ya Nani

Jumatatu, 3 Machi

Tasnifu imerudi. Asilimia thelathini na nane inafanana na maandishi ya wengine! Kompyuta ya chuo imeipaka sura ya pili wino mwekundu, ukurasa hadi ukurasa. Msimamizi wangu — mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu — kanisukumia karatasi bila kuniangalia. Hakusema nimeiba. Alisema "wizi wa kitaaluma". Afadhali angesema nimeiba.

Mimi? Sijawahi kuchukua hata kalamu ya mtu.

Jumanne, 4 Machi

Maktaba tangu asubuhi, na daftari langu la zamani la imla. Kila mstari mwekundu umo humo, kwa mwandiko wangu wa nilipokuwa na miaka kumi na sita. Ni maneno ya Mwalimu Mzee — ndivyo mtaa mzima unavyomwita — aliyenifundisha bure sebuleni kwake miaka mitatu baada ya baba kufariki. Anasema, tunaandika. Ukibadilisha neno moja, unarudi mwanzo. Kumgeuzia mkubwa maneno yake ni utovu wa adabu! Ndivyo nilivyolelewa. Leo naambiwa kosa ni kutoyageuza. Na kutomtaja. Lakini nani humtaja aliyemfundisha kutembea?

Tatizo: kompyuta haijui daftari langu. Inataja kitabu. Mkutubi kanishushia kutoka rafu ya juu, vumbi tupu. Kimechapishwa kabla sijazaliwa. Mwandishi simjui.

Neno kwa neno. Hata mikato.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu Mzee. Amepungua mno, shingo inacheza ndani ya kola. Nikampa kitabu. Alikishika muda mrefu. Nilitaka akasirike — hakukasirika. Akasema naye alisomewa imla, na mwalimu wake hakutaja jina la mtu.

"Tulipokezwa, mwanangu, nasi tukapokeza. Hakuna aliyeuliza ya nani."

Lakini ukutani, ndani ya fremu, kuna kijitabu alichochapisha zamani kwa shule za msingi. Maneno yale yale, na jina lake kwa herufi kubwa. Tulikitazama sote wawili. Kisha tukaacha.

Akauliza: utawaambia?

Nikasema chai inapoa.

Jumapili, 9 Machi

Barua ya kamati. Jumatano, saa nne asubuhi, nieleze kwa maandishi nilikoyatoa. Nikikiri nilinakili kitabuni, narudia mwaka, na shule iliyoniahidi kazi haitangoja. Nikisema kweli, Mwalimu Mzee kwisha.

Mama: "Aliyekushika mkono ukaandika, leo umvue nguo mbele za watu?"

Kaka, fundi cherehani, kaleta mzaha wake. Eti yeye kafundishwa mshono na fundi wake, na hajaona suruali yenye sahihi ya fundi. Sikucheka. Nikasema aliyeandika kile kitabu naye alikuwa na mama yake.

Nimeandika maelezo mara nne. Nimechana mara nne.

Jumatano, 12 Machi

Naandika benchini, nje ya chumba cha kamati.

Niliingia mikono mitupu. Wanne mezani, msimamizi wangu kwenye kiti cha pembeni. Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kamba, akaanza kusoma aya yangu kwa sauti: "Mtoto hasomi kwa jicho kwanza, husoma kwa sikio..." Akasita ili ageuze ukurasa. Na sauti nyingine ikamalizia:

"...na jicho hufuata, kama mgeni aliyeelekezwa njia."

Msimamizi wangu! Hakuwa na karatasi mbele yake. Macho chini, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Nadhani alishtuka kuliko sisi.

Mwenyekiti akamtazama, akanitazama mimi. Akafunga faili. Akatuomba tutoke — wote wawili.

Msimamizi yuko hapa kando yangu. Ameuliza polepole: sebuleni kwa Mwalimu Mzee, tulipokuwa tunakaa chini? Nimeitikia kwa kichwa. Ameuliza kama bado yuko hai.

"Yuko hai."

Akafuta uso. "Hata tasnifu yangu ina..."

Mlango umefunguliwa. Wanataka mmoja wetu aingie kwanza, yeyote.

Hakuna aliyeinuka.