Mahali pa Kumzika Bokoboko

Jumatano, 5 Novemba

Siku ya sabini na saba ya eda. Nimebadilisha maji ya Bokoboko baada ya sala ya alfajiri, kama alivyokuwa akifanya marehemu mume wangu, Salim. Bakuli lile la kijani, lililopasuka ukingo. Salim akiyapima kwanza kwa kidole, maana maji ya tangi huku mtaani Ansab huwa ya moto. Mimi siyapimi. Namimina tu.

Paka hakunywa.

Ruth, msichana wetu wa kazi, amefagia ua. Nimemtazama kutoka dirisha la jikoni. Kizuka, mjane wa eda, hatoki nje. Dirisha hili ndilo Maskati yangu yote sasa.

Jumamosi, 8 Novemba

Paka bado hataki kula. Nimemchemshia nguru bila chumvi. Amenusa, akarudi kulala juu ya kandambili za Salim.

Nguo za Salim zote zimegaiwa. Kandambili nilisema zimekatika. Hazikukatika.

Paka ana miaka kumi na nne. Salim alimwokota mtaa wa Ghala, kwenye karakana yetu ya viyoyozi, ndani ya boksi tupu. Mweupe, laini. Akasema huyu ni bokoboko la Idi, ngano na nyama, limepigwa likapigika. Jina likabaki.

Khalfan, mwanangu, ndiye mwenye karakana sasa. Amesema kesho akifunga atampeleka kwa daktari wa wanyama.

Jumatatu, 10 Novemba

Amekufa. Daktari jana alisema figo. Leo saa nne asubuhi, juu ya kandambili.

Nimelia kuliko nilivyolia Agosti, Salim alipofariki. Naona haya kuandika, lakini ndivyo. Agosti nyumba ilijaa watu, nikashikwa mabega huku na huku. Leo tulikuwa mimi, Ruth na paka.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwaka jana Salim alipotoka hospitali alikaa jikoni, paka kifuani. Akasema: "Huyu akifa mleteni karibu yangu. Asilale peke yake." Nilikuwa nachambua mchele. Nikasema inshallah. Ile inshallah ya kumnyamazisha mtu. Hata kichwa sikuinua.

Hakurudia tena. Aliamini nimekubali.

Jumanne, 11 Novemba

Sikumzika.

Ilibaki bafta nyeupe kidogo kwenye kitambaa cha sanda ya Salim. Nimemfunga nayo, nikamtia katika mfuko, nikamweka friza, chini ya vipande vya nguru. Eda inaisha tarehe ishirini na sita mwezi ujao. Nitampeleka mwenyewe. Siku arubaini na tano. Samaki hukaa zaidi ya hapo.

Ruth aliniona. Mchana hakupika samaki. Kapika dengu.

Jumapili, 16 Novemba

Juzi nilimuuliza Khalfan, kama ninayeuliza tu, ikiwa mnyama anaweza kuzikwa karibu na aliyemfuga. Hakucheka. Leo amerudi na jibu la imamu wa msikiti wao. Makaburi ni wakfu wa maiti za Waislamu, si mahali pa kuleta kingine. Paka hana sanda wala sala. Afukiwe popote penye udongo safi. Kisha imamu kaniombea, na kasema kumtunza alipokuwa hai kuna thawabu.

Jibu jema. Halikunisaidia.

Khalfan anadhani paka alichukuliwa na gari la taka. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Nimemdanganya mwanangu nikiwa nimekaa eda ya baba yake.

Jumatatu, 17 Novemba

Ruth kaniuliza ninangoja nini. Nikamweleza. Akashangaa kwamba kuna ugomvi wowote. Akaniambia, akiwa anakamua mopu: "Mama, sisi kwetu tunazikanga nyumbani, kwa shamba. Babu yuko pale kwa migomba. Mbwa yake iko hapo hapo, kwa miguu yake. Hakuna mtu alikasirika."

Nimefikiri siku nzima. Sioni ubaya wake. Babu yule yuko kwenye ardhi ya watoto wake, na mbwa pia alikuwa wao. Mimi Salim nimemkabidhi makaburini, kwenye ardhi ya wakfu. Kulia kwake kuna mtu nisiyemjua, na kushoto vilevile. Na wao wana watu wao.

Lakini nilisema inshallah.

Alhamisi, 20 Novemba

Siku mbaya.

Wifi Zuwena, dada yake Salim, huniletea sambusa kila wiki, tangu msiba. Huzitia friza mwenyewe, hataki Ruth azipange. Leo hakupata nafasi. Akatoa nguru. Akatoa mfuko. Akaifungua bafta kwenye ncha moja tu, akaona sikio.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akauliza: "Wifi, umemweka nani humu?"

Nikamwambia yote, na ahadi.

"Kaka yangu kazikwa kabla ya laasiri siku ileile," akasema. "Paka wake anangoja mwezi na nusu, kama maiti ya waziri."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Akaosha mikono mara tatu. Sambusa zake akazichukua. Kasema nimpe Khalfan paka kabla ya kesho jioni, la sivyo atamwambia yeye mwenyewe. Kasema huzuni ina mpaka wake. Na huyu ndiye aliyezimia mara mbili siku ya maziko ya kaka yake.

Ijumaa, 21 Novemba



Asubuhi Ruth alisema atampeleka yeye. Ijumaa ni siku yake ya mapumziko, na makaburi yako nyuma ya mtaa wetu, mwendo wa dakika kumi na tano. Alisema atachimba kidogo tu, pembeni. Nikakubali. Nimechora na ramani: safu ya tatu kutoka ukutani, mawe mawili kama ya wanaume wote, moja lina mshipa mwekundu. Ndivyo Khalfan alivyonieleza. Nimempa mfuko na kijembe cha maua. Saa tatu katoka.

Nikarudi jikoni kuosha vikombe. Hapo ndipo akili ilipokuja.

Kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Kinafukiwa makaburini. Na msichana mgeni, Mkristo, ana ramani mkononi. Nani hapa atasema ni paka wa Mzee Salim? Watasema sihiri. Atakamatwa kwa uchawi, na mimi nitakuwa ndani naangalia dirishani.

Nilimpigia simu. Ikalia juu ya jokofu.

Nimetoka. Kizuka, na nguo zangu za eda, miguuni kandambili za Salim kwa sababu ndizo zilizokuwa mlangoni. Jua lilinipiga kama sijapata kuliona. Gari la jirani lilipunguza mwendo, kisha likaendelea. Nilipita nyumba kumi na moja. Nimemkuta kwenye kona ya msikiti, kashika mfuko kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi.

 Nikamshika mkono, nikamrudisha.

Tulipofika nyumbani nilimwomba radhi. Alisema si kitu, Mama. Ni kitu. Salim asingemtuma mtoto wa watu. Kwa ajili ya inshallah yangu nilikuwa tayari kumpoteza aliye hai.

Jioni nimemwambia Khalfan. Mwenyewe, kabla ya shangazi yake.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumemzika uani, chini ya dirisha la jikoni, ambapo bomba la kiyoyozi hudondosha maji na udongo hukaa baridi. Khalfan kachimba. Bafta nimeifungua nikaiweka kando, kama alivyosema imamu. Alikuwa mgumu na mdogo. Ruth aligeuka ukutani.

Wifi Zuwena alikuja katikati, bila kuitwa, na sambusa. Alisimama kashika pindo la buibui lake. Baadaye kasema Salim alipokuwa na miaka sita, Unguja, alimzika kuku wao nyuma ya nyumba, akakataa kula siku mbili, na mama yao akamwacha. Sikuwahi kuisikia hiyo. Miaka thelathini na minane ya ndoa.

Sijui kama nimetimiza ahadi. Nadhani sikuitimiza.

Jumamosi, 27 Desemba

Eda iliisha jana. Nimeoga, nimejifukiza udi. Leo Khalfan kanipeleka makaburini.

Mawe mawili, mshipa mwekundu kidogo. Kidogo kuliko nilivyodhani. Mengine yote yanafanana. Nisingemtambua bila Khalfan, na hilo limeniuma.

Nimetoa salamu, nimesoma. Khalfan akasogea mbali. Nikamwambia Salim kwamba paka yuko nyumbani, chini ya dirisha langu. Kwamba sikuweza kumleta. Kwamba siku ile nachambua mchele nilipaswa kuinua kichwa.

Upepo kidogo. Tukarudi.

Uani, chini ya dirisha la jikoni, nikakuta bakuli la kijani juu ya udongo wa kaburi la paka, limejaa maji. Ruth kasema alilijaza alfajiri, alizoea tu kuniona nikifanya hivyo, atayamwaga.

Nikatumbukiza kidole. Ya baridi.

Nimemwambia ayaache.